Kesi ya Umma na Klabu ya Miguu Myepesi

Bi Kidawa binti Sheha alikuwa mpima ardhi, na katika miaka thelathini na minne ya kazi hiyo alikwisha kutukanwa na wenye mashamba, akafukuzwa na nyuki, na mara moja akafungiwa stoo na mtu aliyekuwa amehamisha jiwe la mpaka kwa mabega yake mwenyewe. Kwa hiyo barua ya Mahakama Kuu ya Yetusote ilipomfikia, miezi michache baada ya kustaafu, haikumtisha. Barua ilisema kwamba shauri moja la ardhi linahitaji mpimaji asiye mwanachama wa klabu, kwamba nchi nzima ya Yetusote hakupatikana hata mmoja, na je, mama angekubali kuja?

Nchi hiyo haimo kwenye ramani nyingi, na safari ya kwenda huko ni ndefu na haina la kusimulia. Itoshe kwamba Jumatano asubuhi alikuwa ameshafika, tepu ya kupimia begani, vigingi ndani ya gunia, na kiatu cha kulia kimeachama kwa mbele.

Aliyempokea ni karani wa mahakama, mtu wa makamo, mpole, aliyevaa koti la buluu lenye nembo ya unyayo ulioota mabawa. Alimbebea gunia mpaka kwenye geti kubwa la chuma. Kushoto na kulia kwa geti hilo ukuta wa matofali ulikwenda, ukaenda, mpaka macho yakachoka kuufuata. Juu ya geti palikuwa na ubao ulioandikwa kwa rangi nyeupe: UWANJA HUU NI MALI YA UMMA. UMMA HARUHUSIWI KUINGIA.

Bi Kidawa akasoma mara mbili. "Hapo hakuna neno lililokosewa?"

"Liko sawa kabisa, mama," karani akajibu. "Lilipitishwa na kamati tatu."

Wakaingia. Ndani kulikuwa na nyasi tu, nyingi, zilizokatwa vizuri, zisizo na alama ya kiatu. Mbali kabisa, kama sanduku lililosahauliwa, lilisimama jengo la Klabu ya Miguu Myepesi. Walipokuwa wakilifuata, karani alimweleza mgeni shauri lenyewe.

Zamani sehemu yote hiyo iliitwa Uwanda wa Kitope, na ilikuwa ya watu wote. Watu walianika mpunga hapo, walikatiza hapo kwenda zahanati, na katikati yake palikuwa na chemchemi ambayo nchi nzima ilichota. Wazee wakaipa klabu kona moja ya kuchezea mpira, hatua mia moja kwa sitini. Hakuna aliyenung'unika. Halafu ikatungwa Sheria ya Michezo, na waliotunga walikuwa na nia njema, walitaka tu wachezaji wasitukanwe wanapofuata mpira kwenye mihogo ya watu. Kifungu cha tatu kikasema: mahali popote mpira wa klabu utakapotua na kuokotwa na mwanachama, mahali hapo ni sehemu ya uwanja.

"Sasa klabu ilikuwa na mpigaji mmoja," karani akasema, na sauti yake ikapata heshima. "Tindwa. Mguu wa kushoto. Aliupiga mpira ukatua kwenye mpunga ulioanikwa. Tukasogeza mstari. Akapiga kutoka kwenye mstari mpya, ukatua njia ya zahanati. Tukasogeza tena. Mwisho wake ukatua kwenye chemchemi."

"Na mechi je? Mnacheza na nani?"

"Mechi ya mwisho ilikuwa miaka kumi na minane iliyopita. Wapinzani wetu walikosa uwanja."

"Ulikwenda wapi?"

"Mpira ulitua hapo pia."

Mahakama Kuu ya Yetusote ilikuwa ndani ya jengo la klabu, katika chumba cha kubadilishia nguo. Kiti cha jaji kilikuwa chini ya safu ya kulabu za kutundikia jezi. Hapo zamani, karani alieleza, mahakama ilikuwa mjini, lakini mwaka wa nne wa shauri hili mpira ulitua uani kwake, na klabu kwa uungwana wake ikaiazima chumba. Jaji Mwinyikondo mwenyewe alikuwa mwanachama, kama walivyokuwa mahakimu wote, wapima ardhi wote, mganga mkuu na karani.

"Na watu wanamkubali aamue?" Bi Kidawa aliuliza.

"Nani mwingine anafaa? Anazijua pande zote mbili. Upande mmoja ni rafiki zake, na upande wa pili hajawahi kuuona."

Hilo la kutouona lilikuwa kweli, na ndilo lililolifanya shauri liende miaka kumi na tisa na miezi kumi na moja. Katiba ya Yetusote ilisema mali ya Umma inadaiwa na Umma mwenyewe, si mtu mwingine. Basi kila kikao karani alisimama mlangoni akaita, "Umma! Umma! Umma!" mara tatu, akasubiri kidogo, akarudi na kusema, "Hayupo, Mheshimiwa." Jaji akaahirisha, watu wakaenda kunywa chai.

Mgeni alipangiwa kulala nje ya ukuta, kwa mkunga mmoja aliyeitwa Somoe. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa na sauti ya kuamrisha, na alimkaribisha Bi Kidawa kwa kumvua kile kiatu kilichoachama na kukishona kabla hata ya kuuliza habari za safari.

"Mimi nilijaribu, mwenzangu," alimwambia, sindano mdomoni. "Mwaka wa pili nilikwenda kortini. Karani akaita Umma, nikasema nipo. Jaji akaniuliza, wewe ni Umma? Nikamwambia mimi ni sehemu yake. Akaniuliza, sehemu ipi? Mkono? Sikio? Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikatoka nje nikalia."

Nyumba yake ilikuwa hatua hamsini kutoka kwenye chemchemi. Bi Kidawa alihesabu kwa macho, kwa mazoea. Lakini kati ya nyumba na chemchemi palikuwa na ukuta, na ili kupata maji Bi Somoe alizunguka saa mbili kwenda kwenye mto, saa mbili kurudi. Zahanati nayo ilikuwa upande wa pili. Mkwe wake alishikwa na uchungu akazungushwa kwa machela, na mtoto hakusubiri; alizaliwa njiani, chini ya matofali, wakamwita Ukuta. Sasa ana miaka sita na mbavu nene.

"Huyo alikuwa na bahati," Bi Somoe akasema. Akakata uzi kwa meno. "Mwezi wa Shaabani tulimzungusha mwingine. Mama na mtoto wote wawili, tuliwarudisha kwa njia ileile."

Akamrudishia mgeni kiatu chake, kisha akamweleza jambo ambalo barua ya mahakama haikulitaja. Jumanne ijayo shauri lingetimiza miaka ishirini. Sheria ilisema mdai asipoonekana kwa miaka ishirini ahesabiwe amekufa, na mali yake airithi jirani wa karibu. Jirani wa karibu wa Umma, kwa kipimo chochote, alikuwa klabu.

Alhamisi Bi Kidawa akaanza kupima. Alipiga kigingi cha kwanza kwenye kona ya zamani, akanyoosha tepu, akatembea. Kwenye hati uwanja ulikuwa na urefu wa hatua mia moja. Alipofika mia moja, goli la mbali lilikuwa bado halionekani. Adhuhuri ilimkuta kwenye elfu moja mia tisa na arobaini, na mvua ikamkuta palepale, mvua ya ghafla, nzito, isiyo na adabu. Alikimbilia kwenye jengo la klabu akiwa amelowa mpaka kwenye mfupa.

Mwenyekiti wa klabu, Bwana Chande, alimpokea mlangoni kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mnene mwenye uso wa kupendeza, wa wale ambao ukiwa nao unajisikia mwerevu.

"Masikini, mama yetu! Utapata homa. Leteni chai! Leteni taulo!" Vikaletwa. Kisha yeye mwenyewe akafungua kabati, akatoa jezi nzuri ya buluu, kavu, nzito, yenye joto la kabati. Mgongoni imeandikwa KIDAWA. "Badili nguo, mama. Chumba kile pale. Hutaonekana na mtu."

Bi Kidawa aliishika. Ilikuwa pamba safi. Maji yalikuwa yakimtiririka mgongoni, na meno yake yalikwisha kuanza kugongana. Lakini alikuwa amesoma Sheria ya Michezo usiku uliopita, na alikumbuka kifungu cha tisa: avaaye jezi ya klabu ni mwanachama.

"Jina langu mmelishona lini?" akauliza.

Bwana Chande akatabasamu. "Tangu tulipokuandikia barua. Sisi tunapenda wageni."

"Nashukuru sana, baba. Mimi nikivaa nguo kavu huumwa."

Akakaa kwenye kiti cha kitambaa, akakilowesha chote, akanywa chai vikombe vitatu, akajibu maswali yote kuhusu watoto wake na bei ya vitunguu kwao. Alitetemeka alasiri nzima kama mtu mwenye malaria. Jezi ilikaa mapajani mwake, imekunjwa. Mvua ilipokatika aliirudisha juu ya meza, akaaga, akarudi kwenye tepu yake, na mpaka jioni alipiga chafya kila baada ya hatua kumi.

Siku ya tatu ya kupima, kwenye pembe ya mbali karibu na chemchemi, alimkuta mzee amekaa kwenye kiti cha kukunja, koti la klabu mabegani, mguu wa kushoto ameunyoosha juu ya mto mdogo kama kitu cha maonyesho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umefika ngapi?"

"Elfu mbili mia sita na kumi."

"Hm," mzee akasema. "Nasikia unalala kwa Somoe. Bado anakoroma?"

"Unamjua?"

"Ni dada yangu." Akautazama mguu wake. "Hatujasemeshana miaka kumi na tisa."

Huyo alikuwa Mzee Tindwa. Bi Kidawa akaketi kwenye nyasi, akanyoosha miguu yake pia, maana ilimuuma. Alimuuliza swali la mtu wa kazi yake: kutoka mstari wa mwisho mpaka kwenye chemchemi ni hatua mia nne na kumi, mpira huo ulipaaje?

Mzee aliitazama chemchemi. Ndege wadogo walikuwa wakioga kwenye maji ya chemchemi, ambayo siku hizi yalitumika kumwagilia nyasi.

"Uliona jiwe lile jeusi, kule nyuma?" akasema. "Pale ndipo ulipotua. Niliupiga mwenyewe, nikauona kwa macho yangu. Wenzangu walikwenda kuuokota, wakakawia. Nikaona wanaendelea kutembea nao. Wakauweka kwenye maji, wakapiga makofi, wakarudi wakanibeba juu juu. Binti, hujawahi kubebwa na watu mia mbili wakiliimba jina lako. Mimi nilitaka kusema. Nilisema kesho nitasema."

"Na sasa?"

"Sasa wananipa chakula, chumba, na mto huu wa mguu." Akamgeukia kwa hofu. "Usiniandike."

Bi Kidawa hakumwandika. Aliandika tu mahali jiwe jeusi lilipo, na hatua zake. Lakini jioni hiyo, akinywa uji kwa Bi Somoe, hakujizuia kumwambia kuwa amemwona kaka yake. Bi Somoe aliendelea kukoroga.

"Ameacha kuvuta tumbaku?" ndilo swali pekee aliloliuliza.

Jumapili wanawake hao wawili walikwenda sokoni kuwaomba watu waende kortini. Kazi hiyo Bi Kidawa aliikumbuka baadaye kuliko vipimo vyote. Hakukuwa na aliyekataa. Kinyozi alisema anaiunga mkono kesi kwa moyo wote. "Umma lazima aende!" akasema, wembe hewani. "Mwaka huu asikose!"

"Basi njoo," Bi Somoe akamwambia.

"Mimi? Mimi nina wateja. Kwani Umma hatoshi peke yake?"

Muuza samaki alisema Umma ni mzembe sana, angekuwa yeye angeshakwenda zamani. Mwalimu mmoja alisema amewahi kumwona Umma kwa mbali, wakati wa uchaguzi, na hakumpendeza. Kila mtu alimjua, na kila mtu alimwona kama jirani wa nyumba ya pili. Mpaka saa saba mchana walikuwa wamezunguka soko zima na kupata ahadi za watu sita, wanne kati yao wakiwa ndugu wa Bi Somoe.

Bi Kidawa alikaa juu ya gunia la mkaa, amekata tamaa. "Nchi yenu hii," akasema, "hakuna kitu kinachowatoa nyumbani wote kwa pamoja?"

"Msiba tu," Bi Somoe akajibu bila kufikiri. "Msibani hakosi mtu. Hata mgonjwa atabebwa."

Wakatazamana.

Bi Somoe akainuka, akajifunga khanga kiunoni, akapanda juu ya meza ya muuza samaki kati ya vibua, akatoa ile sauti yake ya kuamrisha wazazi. "Jamani! Jumanne asubuhi tuna maziko! Kwenye uwanja wa klabu!"

Mizani ikaachwa, vikapu vikawekwa chini. "Nani? Nani amefariki?"

"Umma! Mahakama itamtangaza Jumanne. Hana mke, hana mtoto, hana aliyemwona mgonjwa. Mmemwacha mpaka anakwenda zake!"

Kinyozi akavua kofia. Muuza samaki, aliyetoka kumwita mzembe, akaanza kulia, tena kilio cha kweli. Mama mmoja akauliza sufuria za wali zitatoka wapi, mwingine akasema kwake ziko mbili kubwa, na wa tatu akakumbusha mikeka. Hakuna aliyeuliza tena kama Umma anatosha peke yake.

Jumanne watu walianza kufika jua likichomoza. Geti lilikuwa na walinzi wawili na ule ubao wenye maandishi meupe, lakini katika nchi ya Yetusote hakuna mlinzi anayeweza kuwazuia watu wa msiba. Walinzi walivua kofia na kufungua geti mabapa yote mawili. Wakaingia wazee kwa mikongojo, wagonjwa wa zahanati kwa vitanda, wanawake wenye sufuria vichwani, shule nzima kwa mistari, na Ukuta akiwa kwenye mgongo wa babu yake ingawa alikuwa mzito wa kubebwa. Walitandika mikeka kwenye zile nyasi zisizo na alama ya kiatu, wakawasha mafiga, wakakaa kusubiri.

Ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, Jaji Mwinyikondo alipanga makaratasi. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye macho ya usingizi. Wakili wa klabu alishaandika tamko la kifo na kulileta likiwa na nafasi ya sahihi. Bwana Chande na wanachama walijaza mabenchi. Karani akaenda mlangoni kama kawaida.

"Umma! Umma!" Hakufika mara ya tatu. Wale waliokuwa karibu na mlango, wakidhani marehemu ndiye anayeitwa, walijibu kwa kilio, na kilio hicho kikapokewa mkeka hadi mkeka mpaka kwenye chemchemi na kikarudi. Makoti yaliyotundikwa ukutani yakatikisika.

Karani akageuka, uso umempauka. "Mheshimiwa," akasema, "nadhani yupo."

Chumba hakingetosha, ikabidi mahakama itolewe nje. Kiti cha jaji kiliwekwa kwenye ngazi, wanachama wakasimama nyuma yake kwenye kibaraza. Bi Somoe akatoka mbele, Bi Kidawa ubavuni mwake na daftari la vipimo.

"Wewe mama nakukumbuka," Jaji akasema. "Wewe ni sehemu ipi leo?"

"Leo nimekuja na mwili mzima, Mheshimiwa."

Watu walianza kuelewa. Mnong'ono ukapita: hakuna maiti. Kinyozi aliuliza kwa sauti, "Basi Umma yuko wapi?" na muuza samaki akamjibu, akijifuta machozi kwa pembe ya kitambaa, "Nyamaza, mjinga wewe. Jitazame."

Wakili wa klabu aliruka. Alitaka ushahidi kwamba hao ni Umma kamili. Daftari la wakazi likaletwa. Nchi nzima ilikuwa na watu elfu tatu mia nne na kumi na wawili. Karani akahesabu vichwa, pamoja na vichanga, kazi iliyomchukua mpaka wali ukaiva. Akapata elfu tatu na mia mbili kamili.

"Wamepungua mia mbili na kumi na wawili!" wakili akapaza sauti kwa furaha. "Aliyekuja ni Umma pungufu, Mheshimiwa. Sheria haimjui."

"Hao waliopungua ni akina nani?" Jaji akauliza.

Karani alipitisha kidole kwenye daftari, kisha akainua macho polepole kuelekea kibarazani. "Ni sisi, Mheshimiwa," akasema. "Na wewe umo."

Hapo ndipo kiti kimoja kilipolia kibarazani. Mzee Tindwa alikuwa akiinuka. Bwana Chande alimshika mkono akamwambia kwa upole akae, mguu utamuuma. Mzee akavua koti la buluu, akamkabidhi mwenyekiti kama mtu anayerudisha sahani ya jirani, akashuka ngazi, kila ngazi kwa mguu wa kulia kwanza. Alipofika chini hakujua aende wapi. Watu wakamtazama. Alikwenda kusimama karibu na dada yake, si karibu sana.

"Mpira ulitua kwenye jiwe jeusi," akasema. Sauti haikufika mbali, akarudia. "Kwenye jiwe jeusi! Haukufika kwenye maji! Mimi ndiye niliyeupiga!"

Bi Kidawa akafungua daftari, akasoma umbali wa jiwe hilo kutoka kwenye mstari, na umbali wa jiwe mpaka kwenye chemchemi. Jaji alisikiliza akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua alisema ushahidi ni mzuri, lakini mahakama haiwezi kuupokea kutoka kwa mdai ambaye hajatimia. Umma sasa ni elfu tatu mia mbili na mmoja. Bado mia mbili na kumi na mmoja. Hata hivyo mtu aliyefika kwa kiasi hicho hawezi kuhesabiwa maiti, na tamko la kifo analikataa. Akaahirisha shauri.

"Mpaka litakapotajwa tena," akamalizia, kama alivyomaliza kila kikao, "kila kitu kibaki kama kilivyo saa hii. Asiingie asiyekuwemo, asitolewe aliyemo, lililofungwa lisifunguliwe, lililo wazi lisifungwe."

Wakili wa klabu akainama kwa shukrani. Amri hiyohiyo ndiyo iliyoilinda klabu miaka yote ishirini. Watu walianza kukusanya sufuria kwa unyonge. Bi Somoe alisimama mikono imelegea, na kwa mara ya kwanza tangu Bi Kidawa amjue alionekana mzee.

Lakini Bi Kidawa hakuondoka. Mpimaji wa mahakama, kwa kanuni za nchi zote alizowahi kufanyia kazi, ana wajibu mmoja amri ya namna hiyo inapotolewa.

"Mheshimiwa," akasema, "naomba niandike hali ilivyo saa hii."

"Andika."

"Geti liko wazi, mabapa yote mawili. Niandike hivyo?"

"Ndivyo lilivyo."

"Umma yumo ndani ya uwanja, kuanzia ngazi hii mpaka kwenye chemchemi, na kule chemchemini naona wanawake kumi na wanne wanachota. Klabu iko kibarazani."

Sufuria zikawekwa chini moja moja. Bwana Chande, uso wake wa kupendeza umebadilika rangi, akasema hilo silo Jaji alilokusudia.

Jaji Mwinyikondo alikuwa akiikagua ncha ya kalamu yake. "Mahakama haikusudii," akasema. "Mahakama huandika." Akatia sahihi chini ya maelezo ya Bi Kidawa, akainuka, akaingia ndani kwenda kunywa chai. Mpaka leo Bi Kidawa hajui kama mtu yule alikuwa na usingizi wa kweli au aliungoja mlango huo ufunguliwe kwa miaka ishirini.

Alikaa Yetusote siku tisa zaidi, maana ilibidi aandike taarifa kamili. Wali wa msiba uliliwa kama wa harusi. Njia ya zahanati ilianza kuonekana tena kwenye nyasi, mwanzoni kama mstari mwembamba, kisha pana. Mpunga ukaanikwa. Watoto walicheza mpira, na mpira wao ulipotua mbali waliufuata, wakaurudisha, basi. Wanachama wa klabu walianza kushuka kibarazani mmoja mmoja, wengine wakisema wamekuja kuteka maji tu. Mganga mkuu alishuka siku ya tatu. Karani alishuka siku ya saba, akiwa amelikunja koti lake chini ya kwapa.

"Mkishuka wote," Bi Kidawa alimuuliza, "Umma atatimia. Sasa atamshitaki nani?"

"Ndiyo maana shauri halitatajwa tena, mama," karani akasema. "Tumelipangia tarehe ya mwaka ambao haumo kwenye kalenda."

Asubuhi ya kuondoka Bi Kidawa alifunga vigingi vyake, akatoka uani kumuaga mwenyeji. Alimkuta Mzee Tindwa amesimama mlangoni, kofia mikononi, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kesi. Ilionekana amesimama muda. Bi Somoe alikuwa akifagia, akimzunguka kwa ufagio kama anavyoizunguka nguzo.

"Somoe," mzee akasema. "Nimekuja."

Bi Somoe alimaliza kufagia, akaingia ndani, akatoka na ndoo mbili, akazibwaga miguuni mwake. Mzee akaziangalia, akaziokota, akaenda zake kwenye chemchemi akichechemea. Alirudi baada ya robo saa, amelowa magoti yote mawili, ndoo zimebaki nusu.

Dada yake alichungulia ndani ya ndoo ya kwanza, halafu ya pili.

"Rudi ukajaze," akamwambia.